Simu Kwanza, Mgonjwa Baadaye

Kwenye kliniki yetu hapa Mvara siku hizi huendi tu ukakaa kwenye benchi. Unapiga simu kwanza. Asubuhi nesi anapokea, anaandika jina na tatizo, kisha daktari mwenyewe anakupigia. Akiridhika kwamba hali ni mbaya, anakwambia njoo leo. Asiporidhika, anakupa siku ya wiki ijayo. Ukifika bila kuitwa, askari wa getini anakurudisha nyumbani ukapige simu, hata kama umebebwa. Sikuwa na ugomvi na utaratibu huo mpaka mama alipougua.

Nilimtoa kijijini Adumi, miguu imevimba hata kandambili hazimwingii. Hakuweza tena kulala chali. Alilala ameketi, mgongo ukutani, na kutoka kitandani mpaka mlangoni alihema kama aliyepanda mlima na jerikani kichwani. Niliogopa. Baba alianza hivyo hivyo, na hatukuwahi kumfikisha popote.

Nilipiga, namba inatumika. Nikapiga tena na tena mpaka nesi akapokea, akaandika, akasema tusubiri. Nikakaa na simu mapajani, naogopa hata kwenda chooni. Jua lilikuwa limeshakuwa kali daktari alipopiga. Sauti ya kijana, si mtu wa kwetu, Kilugbara hakijui. Nikaanza kumweleza, akanikatiza kwa upole: anataka kumsikia mgonjwa mwenyewe.

Hapo ndipo tulipoangamia. Mama alijifunza Kiswahili kwenye soko la Koboko, alikouza simsim miaka mingi, na Kiswahili chake kinaanza na salamu. Kwake mtu mzima hasalimiwi akajibu kwa kilio. Unajibu uzima kwanza, unauliza habari za mwenzako, za watoto, za mvua. Ugonjwa unakuja mwisho, ukishaulizwa mara ya tatu. Alifunga vizuri kitambaa cha kichwani, kana kwamba daktari anamwona, akakusanya pumzi yote aliyokuwa nayo. Nami nikategea sikio karibu na simu.

"Mama, habari ya leo?"

"Muzuri, mwanangu. Wewe iko muzuri? Watoto iko? Mvua nanyesha huko?"

"Unajisikiaje, mama?"

"Iko tu muzuri. Mungu nasaidia."

Nikanyoosha mkono kudai simu, akanigeuzia bega. Daktari akasema sauti ina nguvu, apunguze chumvi, aje Alhamisi ya wiki ijayo. Simu ikakatika. Mama akaegemea ukuta, midomo imegeuka rangi ya majivu, hana nguvu hata ya kumfukuza nzi.

"Mama," nikamfokea, "mficha maradhi kilio kitamuumbua!"

Alipopata pumzi akanijibu kwa lugha yetu kwamba mtoto wa watu amemsalimia kwa heshima, je, amtapikie ugonjwa masikioni? "Na hakuniuliza mara ya tatu," akasema. "Angeuliza, ningemwambia."

Nikampigia nesi tena. Akasema daktari ameshaongea naye, na mgonjwa mwenyewe amesema yuko mzuri. Nikamwambia mama yangu anakufa kwa adabu. Akaahidi kumwambia daktari. Kusubiri kule sitaki hata kukukumbuka. Umeme ulikuwa umekatika na chaji ya simu inaisha. Mama alikoroma akiwa macho, na mimi nilimwomba Mungu huku namlaani daktari, sijui Mungu alisikia lipi.

Simu ilipolia nikaweka spika, nikamshikia mama mdomoni.

"Mama, habari tena?"

Akafumbua mdomo. Niliona midomo ikilitafuta lile neno, ikijipanga kabisa kulisema, lakini hakikutoka kitu ila mkoromo. Daktari akangoja. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona mama akiiacha salamu ya mtu ianguke chini, na nikaanza kulia kwa sauti hapo hapo.

"Mlete sasa," daktari akasema. "Usingoje chochote."

Kwenye boda tulimweka katikati, nikamfunga kwangu kwa kitenge asianguke. Askari wa getini alifungua mdomo kuuliza kama tumeitwa, akauona uso wangu, akafungua geti. Ndani manesi wakamvalisha barakoa ya oksijeni. Daktari alisimama kando ya kitanda, kijana kweli, anatazama saa na kumhesabia pumzi. Sikumuuliza kama atapona. Niliogopa angenijibu.

Baada ya muda mrefu mama akafumbua macho, akamwona. Mkono ukapanda polepole, akaisogeza barakoa pembeni. Nikamkataza, hakunisikia.

"Muzuri," akamwambia. "Na wewe?"

Daktari akanitazama, kisha akainama. Akamwambia yeye yuko mzuri, watoto hana bado, na mvua imenyesha jana. Akaishika barakoa karibu na mdomo wa mama, tayari kuirudisha.

"Na mwili, mama?"

"Mwili iko nakufa, mwanangu," mama akasema.