Penseli kwenye Shingo ya Gitaa

Usiku ule wa kuamkia siku ya maonyesho nililala na hasira. Kesho yake ningepanda jukwaani kuimba wimbo wa babu yangu, Guka, mwimbaji wa muziki wa kantri aliyetutoka miezi minane nyuma, na mara tatu mazoezini sauti yangu ilikuwa imezama katikati ya ubeti. Baba mdogo akasema tutafute mwanamume. Nikamwambia aimbe yeye.

Usingizi ukanichukua, nikajikuta kwenye kituo cha maziwa, Molo. Guka anashuka kwenye mkokoteni wa punda, kofia pana kichwani, gambuti miguuni. Ndivyo alivyoanza. Alikuwa mchuuzi wa maziwa aliyenasa nyimbo za Wamarekani redioni bila kujua Kiingereza, kisha akachoka kuimba asichokielewa, akatunga zake, za ng'ombe wetu na baridi inayounguza viazi. Walimcheka. "Kauboi wa gambuti!" Jina likashika, naye akalivaa kama koti.

Mara mitungi ya maziwa si mitungi tena, ni watu. Ukumbi umefurika. Wale wale waliomcheka wamesimama, wanaimba naye neno kwa neno, na mimi nimebebwa mabegani mwa mtu nisiyemwona, napiga makofi mpaka viganja vinawaka. Huyo ni babu yangu! Nawaambia wote, hata wasiouliza.

Wanatoweka bila kupita mlangoni. Tumebaki wawili jikoni kwake, gitaa lake liko mapajani pangu. Penseli yake ipo pale pale, imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye shingo ya gitaa, ibane nyuzi zilingane na sauti yake nzito. Tangu afe, hakuna aliyethubutu kuigusa. Naimba. Nazama pale pale.

"Mke wangu," ananiita, maana nimepewa jina la nyanya yangu, "hiyo penseli nani ameizika hapo?"

"Ni yako, Guka."

Anacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Analegeza mpira, anaisogeza penseli hatua tatu kuelekea tumbo la gitaa ili sauti ya nyuzi ipande, anakaza tena.

"Pale nilikaa mimi. Wewe kaa hapa."

Naimba, na sauti inatoka yote, hata ile nisiyojua kuwa ninayo. Guka anavua kofia. Maisha yake yote sikumwona akiivua ila kanisani. Leo ananivulia mimi.

Niliamka jogoo wakiwika, mashavu yamelowa, huku nacheka peke yangu. Nilichukua gitaa. Penseli ilikuwa pale pale alipoiacha kabla hajafa. Nikaulegeza ule mpira, nikasogeza hatua tatu, nikakaza, nikaimba ubeti wa kwanza mpaka mwisho.

Baba mdogo akatoka chumbani mbio, blanketi begani.

"Nani huyo anaimba hivyo?"

"Mke wa Guka," nikamjibu, nikaanza ubeti wa pili.