Jina Lililoitika Ziwani

Ulikuwa mwaka wa ugali wa muhogo na maharage, asubuhi maharage, jioni maharage, maana ziwa lilifungwa watu wasivue, na kijijini kwetu Katonga hakukuwa hata na dagaa wa kunusa. Mitumbwi ililazwa kifudifudi mchangani. Ufuko mtupu.

Ndipo nikaenda kuandikishwa kitambulisho. Bila hicho, shamba langu la Simbo, nililolilima kwa mikono hii, nisingepewa hati. Mjukuu wangu wa kike alinipeleka hadi ofisi ya kijiji, pale karibu na maji.

Karani, kijana wa mjini, akaniamkia vizuri. "Jina la pili, bibi?"

"Sina. Kwa hili moja nimeolewa, nimezaa tisa, nimezika wakwe."

"Mashine haikubali moja, bibi yangu. Siku hizi hata mbuzi ana mawili."

Foleni ikacheka. Nami nikacheka.

Kwetu kila mtoto hupewa lake. La baba ni la baba, si koti la kurithi. Na baba yangu alichukuliwa na ziwa nikiwa mdogo, halikumrudisha. Mtu wa namna hiyo hatumtaji mahali mawimbi yanaposikika. Akisikia, atadhani karuhusiwa kurudi. Mjukuu nilimtajia jina lile mara moja tu, tukiwa Simbo, mbali na maji. Sikumwambia sababu. Kosa langu.

Mjukuu akamtajia karani jina lile. Karani naye, ili ahakikishe, akalisoma kwa sauti yake yote.

"Naam!"

Iliitika kutoka majini. Sauti ya kijana. Baba alikufa hajafikia umri wa kitindamimba wangu. Tuligeuka wote. Ziwa limetulia kama mawese, mtu hakuna.

"Kumbe mzee yupo!" karani akasema. "Mwiteni naye aandikwe."

Hakuna aliyecheka.

Nikamwambia, "Futa. Jina moja linanitosha. La pili silitaji."

"Utakosa hati, bibi."

"Nikose."

Shamba halina karatasi mpaka leo, na nalilima. Ziwa lilifunguliwa, dagaa wakarudi. Lakini kila asubuhi nikitoka kufagia nakuta mchanga mbichi kizingitini, na nyuma ya ua sauti ile ile inaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nani kaniita? Nitaje tena, niingie."

Nakaza ufagio mkononi.

"Jina moja linanitosha. La pili silitaji."