Dhiraa za Utepe

Mungu amenijalia subira katika mambo mengi, lakini mbele ya teleprinta sikuwahi kuwa nayo. Funga ya mwezi mzima haikunishinda. Kuutazama utepe wa karatasi ukienda kwa mwendo wake, nami sina la kufanya, kulinishinda.

Nilikuwa karani wa telegramu mjini Mtwara, katika miaka ile taarifa za serikali zilipoanza kuandikwa kwa Kiswahili. Ujumbe mrefu tuliuchapa kwanza kwenye utepe, kila herufi safu yake ya matundu. Kisha utepe ulipitishwa kwenye mashine iliyoyasoma matundu hayo na kuurusha ujumbe Dar es Salaam kwa redio. Tungeweza kuchapa asubuhi nzima na kujaza kapu zima la utepe, lakini laini ilikuwa na mwendo mmoja tu: herufi kama mia nne kwa dakika. Ukutani palikuwa na jedwali lililokuja pamoja na mashine. Jedwali halikutaja herufi, lilitaja maneno, sitini na kitu kwa dakika, nasi tulilitumia kugawa muda wetu. Saa kumi na moja jioni laini ilikuwa si yetu tena, ilipewa kituo kingine.

Alasiri moja nilikuwa narusha taarifa ndefu ya mkoa kuhusu msimu wa korosho, akaingia mkulima wa Mpapura, mtu wa makamo, amevua kofia na kuikunja mkononi. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amemng'ata binti yake. Hospitali ilikuwa imeishiwa sindano za kichaa cha mbwa, na daktari alikuwa ameandika telegramu ziletwe kwa ndege ya kesho asubuhi. Ndege nyingine isingekuja mpaka wiki ifuatayo. Tarishi wa hospitali alitaka kuileta karatasi ile, yule baba akakataa, akaileta mwenyewe.

Mkuu wangu wa ofisi aliisoma, akatazama jedwali, akatazama idadi ya maneno juu ya taarifa ya korosho. Ukikatiza ujumbe njiani, Dar hudai uanze upya, na taarifa ile mkoa ulikuwa unaisubiri ijibiwe. Akahesabu kwa kalamu, akasema korosho zitamalizika na robo saa itabaki. Telegramu ya daktari ilihitaji dakika moja. Akamkaribisha mgeni kwenye benchi.

Nilikaa, nikasimama. Nilikwenda dirishani, nikarudi. Niliutazama utepe kwenye kapu, nikaona haupungui kama unavyopaswa.

"Shekhe, kaa chini," mkuu akaniambia. Aliniita hivyo kwa kunitania, kwa sababu nilikulia chuo cha Kurani. "Utatutobolea sakafu, na fungu la saruji hatuna."

Mkulima akacheka kidogo, kisha akauliza, "Mdogo wangu, huo mkia wa mashine yenu unaisha lini?"

Niliuinamia utepe; matundu yake nilizoea kuyasoma kwa macho. Nilikuwa nasoma maneno yaliyokuwa yakipita: waliokusanyiwa, yasiyokaushwa, yatakayosafirishwa. Nikakumbuka tulivyofundishwa chuoni, kwamba thawabu ya kusoma Kurani huhesabiwa kwa herufi, wala si kwa neno. Mashine nayo haikujua neno ni nini. Jedwali lilitengenezwa na watu ambao neno lao ni herufi tano na nafasi. Maneno yetu ni marefu kuliko hayo. Tangu tulipoanza Kiswahili tulikuwa tunachelewa jioni, na siku zote tulilaumu redio.

Nilimweleza mkuu. Hakunibishia, ila aliuliza tutajuaje kilichobaki, maana kuhesabu matundu kungetuchukua mpaka Isha. Mkulima ndiye aliyesema kwamba kama ni urefu, mbona hatupimi, kaniki dukani hupimwaje? Akainuka, akashika ncha moja.

Tukapima kwa dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama wauza nguo. Mkuu akaweka rula kwenye mkono wangu, na kwa kuwa kila inchi ya utepe ina herufi kumi, akakuta kila dakika mashine inameza dhiraa mbili na ushei. Mkulima alikuwa na mkono mrefu, mkuu akamwambia aniachie mimi, yeye angetupunja. Nilikuwa navuta utepe huku upande wa pili ukivutwa na mashine, nikihofia kuukata. Mwisho mkuu akagawa. Saa ya kukatwa laini ingefika korosho bado hazijamalizika.

Mkuu aliweka kalamu chini. Nilijua anafikiria atakavyojieleza mkoani. Mkulima hakumsihi. Alikuwa bado ameshika ncha ya utepe kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa kitu cha mwenzake amshikie.

"Simamisha," mkuu akasema. "Ngoja ifike nukta. Haya, hapo."

Nilisimamisha mashine, nikachapa telegramu ya daktari moja kwa moja kwa mkono, midomo ikitaja jina la Mungu kila mstari. Dar wakajibu wameipata. Halafu wakauliza korosho zimekwenda wapi. Mkuu akaniambia niwajibu kwamba zitakuja kesho, zote, tangu mwanzo. Laini ikakatika tukiwa katika neno hilo.

Usiku ule sala haikunituliza. Kuipata telegramu si kupakia sindano. Asubuhi, niliposikia ndege ikishuka, niliacha chai na kwenda hospitali kwa miguu, nusu nikikimbia. Nilimkuta mkulima barazani, kofia bado imekunjwa mkononi. Kutoka ndani mtoto alikuwa analia kwa nguvu, kwa hasira.

"Ameanza kudungwa," akaniambia. "Msikilize."

Tukasimama tukimsikiliza, Alhamdulillahi, mpaka aliponyamaza. Ndipo yule baba akavaa kofia yake.