Mbuzi ya Bibi Iliyoitwa Kigoda

Makumbusho ya mji wetu yalinuka dawa ya mchwa. Harufu ilikupokea mlangoni, ikakufuata hadi kwenye meza ya vigae vya vyungu, ikakuacha ukipiga chafya mbele ya chemli isiyo na kioo. Kilikuwa chumba kimoja tu, ukishaipita Mbezi Beach, na karibu kila kitu kilichokuwamo kiliazimwa majumbani mwetu. Kwetu waliazima mbuzi ya kukunia nazi. Babu, mchongaji aliyetoka Newala, aliichonga kwa mninga mwaka aliomwoa Bibi, akaishusha kidogo kuliko za majirani kwa sababu Bibi alikuwa mfupi. Babu alikuwa amekwisha kufariki, na Bibi hakutaka kukunia nyingine.

Kamati ya makumbusho iliomba wiki moja tu, ya ufunguzi. Wiki ilipokwisha, Bibi alinishika mkono tukaifuata. Tuliikuta juu ya sanduku, chuma chake chenye meno kimegeuziwa ukutani, na mbele yake kibao: “Kigoda cha wazee wa pwani.” Msimamizi, kijana mwenye tai, alimwamkia Bibi kwa adabu zote, kisha akamweleza kwamba kitu hicho sasa ni urithi wa mji.

“Urithi?” Bibi aliuliza. “Mie si mzima bado, mwanangu? Na kigoda gani hicho chenye meno?”

Msimamizi alisema suala hilo lingepelekwa kwenye kikao. Bibi akasema sawa, ila kikao hakitamkunia nazi. Masika yote yale, kila Jumamosi, tulikwenda na kapu la nazi na sinia. Bibi aliishusha mbuzi yake, akaketi katikati ya chumba na kukuna, huku msimamizi akihangaika na chembe za nazi zilizoanguka sakafuni. Wageni walisimama kutazama. Mmoja alimuuliza kama kesho kutakuwa na onyesho tena.

“Kesho nafua, baba,” Bibi alimjibu bila kuinua kichwa.

Kilichoniudhi, hata kwa akili yangu ya darasa la nne, ni kwamba msimamizi alianza kuwatangazia watu onyesho la mapishi ya kale, akisimama ubavuni mwa kibao kilekile cha kigoda. Aliona kwa macho yake nazi ikikunwa na hakukibadili. Kikao hakikukaa. Bibi alifariki akiwa anaazima mbuzi yake mwenyewe.

Nimekwenda kuidai mara nyingi tangu nipate utu uzima, kila mara kwa msimamizi mwingine. Mwezi uliopita nilikwenda tena. Siku hizi kuna vigae sakafuni, kiyoyozi na makabati ya kioo. Hakuna harufu yoyote. Msimamizi wa sasa, dada mpole, alinisikiliza hadi mwisho, akasema familia ina haki yake, akafungua kabati na kunikabidhi. Niliigeuza. Mahali pa chuma palikuwa na matundu mawili ya misumari.

“Kiling’olewa zamani, kaka,” alisema. “Kisije kikamkata mtoto wa shule.”

Nilimuuliza kiliwekwa wapi. Hakujua, na hakuna aliyejua. Nilibaki nimeikumbatia mbuzi ya Bibi, nikikitazama kibao kilekile cha kigoda ndani ya kabati tupu. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu, kilikuwa kinasema kweli.