Rafiki Yangu Mwenye Uvimbe

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni ile niliyomuuliza mwosha maiti swali la kipumbavu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Shule niliiacha mapema, miguu ikiniwasha, nikawa leo Mloka, kesho Nyamisati, nikikata boriti za mikoko na kudadisi kila kitu. Jambo moja tu sikumdadisi mtu. Nilitokwa na uvimbe kwenye korodani, mdogo kama kunde. Hauumi, lakini hauondoki.

Tukitoka kwenye tope la mikokoni, wenzangu walioga pamoja kisimani. Mimi nilingoja waondoke. Walinitania kwamba naoga kama mwari. Nilicheka nao, ila moyoni niliamini nimenaswa na tego la kichawi, kwani niliwahi kutaniana na mke wa mtu kule Mohoro. Ningemwambia nani?

Na nyumbani Kibiti nilikuwa nimemchumbia Siwema. Kila wazee walipotaka kupanga siku ya ndoa, nilitoa udhuru. Mwishowe nikasema simtaki. Sikutoa sababu, watu wakaitafuta wenyewe: ikasemwa binti ana kasoro. Aibu yangu nikamvisha yeye. Mpaka leo nikilitaja hilo, uso huniinama.

Pale Nyamisati alikuwapo Mzee Kilindo, mwosha maiti. Nilimkuta barazani kwake akisuka dema la kuvulia samaki. Nikamwamkia, nikakaa mkekani upandeupande kwa haya, nikamuuliza kama maiti huoshwa kila mahali, hata kule chini.

"Kote," akasema bila kuinua macho. "Nani anauliza?"

"Rafiki yangu."

"Ana nini huyo rafiki yako?"

Nikasema ana kijivimbe. Mzee akaweka dema chini.

"Mwambie ninayoyaona siyasemi, hiyo ni amana. Lakini mwambie pia, mficha uchi hazai. Akijificha kwa watu wote, mwisho nitamwona mimi. Na mimi sina dawa, mjukuu wangu. Nina maji na kafuri tu."

Kisha akaniambia nimwambie rafiki yangu aache kukaa upandeupande, anamharibia mkeka.

Kesho yake nilikwenda zahanati. Dresa, mganga msaidizi wa pale, hakucheka. Alisema haamini habari za tego, wala hawezi kujua ni kitu gani kwa kugusa tu; akanipeleka hospitali kubwa, nikapasuliwa, nikapona.

Nilirudi Kibiti kwa baba yake Siwema nikakiri mbele ya wazee kwamba kasoro ilikuwa kwangu. Walinisamehe. Lakini Siwema alikuwa ameshaozwa mbali, kwa mtu mzima mwenye wake wawili, maana vijana walimkwepa kwa maneno yale.

Basi, mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilinipisha, akaumbuka mwingine. Ukigusa mwilini mwako kitu ambacho jana hakikuwapo, hata pale tusipopataja mbele ya wakwe, usikisie wala usingoje kiume. Nenda kwa daktari, umwambie ni wewe, si rafiki yako. Huenda si kitu. Lakini mwache aseme yeye. Na usimtwike mtu aibu isiyo yake.

Mola akupe umri mrefu na uzao mwema. Na siku ya kuoshwa kwako ikifika, mwosha asikute kwako siri ambayo tabibu angeiwahi.