Siku Niliyowaambia Darasa la Sita Wajitegemee

Msinicheke mapema, maana kuna wazee wa upande wa Kansay ambao mpaka leo nikiwaona mnadani Karatu najifanya nachagua mbuzi ili wasinione, na mbuzi mwenyewe sina mpango naye. Aibu ile niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Miaka ya sabini ilikuwa inakwisha, nami nimetoka chuo cha ualimu na suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni vya soli nene na kichwa kilichojaa maneno ya wakufunzi (wakufunzi ambao, nahisi, hawakuwahi kusimama mbele ya watoto sabini wanaogombania vitabu sita). Walitufundisha kwamba mwalimu wa kisasa anakaa pembeni. Watoto wajigawe vikundi, wachague swali wenyewe, waulizane kabla ya kumuuliza mwalimu, kisha wasahihishane. Nikameza yote. Walimu wenzangu pale shuleni Kansay niliwaona watu wa zama za kale, hasa walipoanza kuwafanyisha watoto mazoezi ya kumpokea mkaguzi: anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, na mwalimu asimchague wa kushoto hata iweje. Niliwaambia mimi siigizi. Walinitazama tu wakaendelea na chai yao.

Mkaguzi alikuja kutoka Mbulu kwa Landrova, tumbo limetangulia, na kalamu yake ndiyo iliyokuwa inithibitishe kazini. Bila yeye nabaki mwalimu wa majaribio, na mimi (mdomo wangu huo huo) nilishatamba Karatu nzima kwamba nimethibitishwa. Alipoketi nyuma ya darasa nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa KUJIONGOZA KATIKA KUJIFUNZA, nikatulia nione atakavyovutiwa. Watoto wakaangalia ubao kama ng'ombe anayeangalia treni. Ndipo Paskalina, kiranja wa darasa, akasimama akauliza maana yake nini.

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema fungueni kitabu cha hesabu, zidisheni sehemu, basi. Lakini nilitaka neno zito la kumfurahisha mkaguzi, neno la siasa, lile lililokuwa likiimbwa redioni asubuhi na jioni, nikasema kwa sauti ya mkutanoni, "Maana yake leo mnajitegemea. Msiniulize mimi cha kufanya, mnakijua."

Nyuso zikang'aa. Wakafunga madaftari, wakanyanyuka wote kwa pamoja, wakatoka kwa mstari bila kusukumana. Mkaguzi akanitazama, nami badala ya kuwaita warudi nikamwambia kwa kiburi, unaona, Ndugu Mkaguzi, wamechagua wenyewe kutumia mazingira. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, akanifuata nje.

Nje tukakuta wanachukua majembe yao nyuma ya darasa. Hapo ndipo jasho liliponitoka, kwa sababu nilikumbuka kwamba pale shuleni kujitegemea kulikuwa na maana moja tu, kipindi cha jembe, na hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa nyingine. Nikaita, nikapiga makofi, hakuna aliyegeuka. Darasa la tano walipowaona wakatoka pia, na la nne wakaona wasibaki nyuma. Wakalipita shamba la shule (magugu yamefika kiunoni), wakavuka korongo, wakaingia kwenye mahindi yaliyonyooka vizuri kuliko yote pale kijijini.

Nikakimbia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na raizoni hazikutengenezwa kwa udongo wa Karatu. Nikateleza ukingoni mwa korongo nikashuka kwa makalio mpaka chini, bugaluu ikachanika toka paja hadi kifundo, wazee waliokuwa wakipalilia jirani wakasimamisha kazi kabisa ili wanitazame vizuri. Nilipopanda upande wa pili mkaguzi alishafika kwa kupita darajani, yuko mkavu, anamhoji Paskalina.

"Mnajifunza nini hapa?"

"Kujitegemea."

"Na hili shamba ni la nani?"

"La mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu alikuwa ofisini akisimamia kuku wa mgeni, akaja akihema, na mtu yule hakupepesa hata jicho. Akasema hili ni shamba la mfano, Ndugu Mkaguzi, wanafunzi wanajifunza kwa vitendo. Na kilichonichoma roho ni kwamba watoto walikuwa wamejigawa vikundi, kila kikundi na mistari yake, wanaulizana, anayeacha gugu anasahihishwa na mwenzake, mwalimu hahitajiki hata kidogo. Kila nilichofundishwa chuoni kilikuwa pale mbele yangu, kwenye mahindi ya mtu mwingine.

Mkaguzi akameza yale maneno ya shamba la mfano, kisha akaenda kumeza kuku. Jioni tulisomewa maoni yake sote tukiwa ofisini, mimi nimejifunga kanga ya mke wa mwalimu mkuu juu ya suruali. Shule ilipongezwa kwa kutekeleza Elimu ya Kujitegemea kwa dhati. Mwalimu mkuu alipongezwa kwa uongozi. Mimi sikuthibitishwa, kwa kuwa wanafunzi walitoka darasani kipindi cha hesabu na mwalimu akashindwa kuwazuia. Wenzangu hawakucheka mbele yangu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Wakati wa kufunga ofisi mwalimu mkuu alinishika bega, kwa upole kabisa.

"Mwalimu, kesho uwapeleke tena. Wamebakiza upande wa korongoni."

Nikawapeleka, ningefanyaje. Lakini niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: tangu siku ile mwanafunzi akisimama kuniuliza maana ya neno, namwambia akaitafute mwenyewe kwenye kamusi.