Siku Maman Alipopanga Chumba cha Redio

Harufu ya risasi ikiyeyuka juu ya waya ndiyo iliyotuamsha kila siku kule mtaani Kadutu, kabla ya chai, kabla ya kengele ya parokia. Baba yangu alikuwa fundi wa redio, na mahali pake pa kazi palikuwa sebule yetu, yenye dirisha moja linalotazama njia ya miguu inayopanda kutoka sokoni. Mimi nilitoka humo. Leo nina depo mbili za simenti, na shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo asinifundishe mtu kazi ni nini. Mgeni akiingia chumba kile angedhani ni jalala. Redio zilizopasuliwa matumbo zilijaa mezani, chini ya meza na sakafuni hadi mlangoni, kila moja imezungukwa na spika yake, vitufe vyake na skrubu zake, nasi watoto tukipita kwa kuruka kama mbuzi. Baba hakuandika jina la mtu popote. Lundo la dirishani lilikuwa la Papa Bahati, muuza nyama. La chini ya kiti, la katekista. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza, angekujibu. Hata wakubwa wa Nyalukemba, mtaa wa matajiri, walimletea redio zao, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Lakini Maman aliishi na aibu. Shirika letu, yaani Wakatoliki wa mtaa wetu, lilisali kila wiki nyumbani kwa mtu mmoja, kwa zamu, na zamu yetu ilikuwa imerukwa tena na tena. “Kwako, Maman Neema, tutaikala wapi?” mwanamke mmoja alimuuliza mbele ya wote kwenye robine, bomba la maji la mtaa. “Juu ya maredio? Tukianza Salamu Maria, na zenyewe zitaitika?” Wakacheka. Maman naye akacheka, kisha akapanda kilima na ndoo yake kichwani kwa haraka, nasi tukimfuata.

Wiki ile baba aliitwa kwenda Luhwindja, kwenye machimbo ya dhahabu, kutengeneza vipaza sauti vya kanisa. Maman akaenda kwa kiongozi wa shirika akaomba zamu yake, akarudi, akakaza kitenge, akatuita mimi na dada yangu Neema. “Leo hii nyumba itakuwa nyumba ya watu.” Tulishinda kazini. Spika tuliziweka na spika wenzake, kubwa chini na ndogo juu. Skrubu zote zikaingia kopo la maziwa. Vitufe kwenye sahani. Maganda ya redio tukayapandisha ukutani kama matofali. Ukuta ule niliujenga mimi, umenyooka hata Maman akaita majirani waje kuutazama. Sakafu ikamwagiwa maji, ikatoa rangi nyekundu ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Shirika lilijaa, likaimba, na yule aliyecheka kwenye robine akaketi dirishani akisifu. Sijamwona tena Maman akikaa wima namna ile.

Baba alirudi Jumamosi. Alisimama mlangoni, mfuko begani, akatazama ukuta, akatazama kopo. Hakufoka. “Mulipanga muzuri,” akasema. Kisha akaketi sakafuni, pale dirishani, akashika spika moja, akaigeuza, akaiweka chini, akashika nyingine. Maman alielewa kabla yetu. Akapiga magoti kando yake. “Papa Neema, uniambie ya nani ilikuwa wapi, nitairudisha pale pale. Uniambie tu.” Baba akaendelea kuzigeuza spika. Alikuwa akikijua kila kitu kwa mahali pake, na mahali hapakuwepo tena.

Aliziunga alivyoweza, akikisia. Papa Bahati alichukua yake, kesho yake akarudi akipiga kelele tangu njiani: “Fundi! Redio yangu ilikuwa nashika mpaka Bujumbura! Hii iko nakohola kama muzee wa tumbako!” Watu walicheka. Waliofuata hawakuchekesha mtu. Ikasemwa sokoni kwamba fundi huyu anachomoa matumbo mazima, anauza, anakurudishia maiti. Maman alizunguka nyumba kwa nyumba akisema ni yeye, ni mikono yake, baba hana kosa. Wakamwona mke mwema anayemkinga mumewe, wakamfungia mlango kwa adabu. Msimu wa mvua haujaisha, hakuna aliyebisha hodi tena. Baba akawafuata wachimbaji Luhwindja kutafuta dhahabu, na aliporudi kwetu alikuwa na kikohozi na vidole vigumu visivyoweza kushika skrubu. Ndipo nilipoacha shule. Chumba kikabaki safi. Shirika likawa linasali kwetu mara nyingi kuliko kwa wengine, kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na nafasi.

Leo naishi Nyalukemba, nyumba ya ghorofa niliyoijenga mwenyewe. Nina biro humo, ofisi yangu ya kazi, na meza yangu ni pana kuliko kitanda nilichozaliwa juu yake. Imefunikwa na karatasi, funguo, simu mbovu, mifuko ya mfano ya simenti. Baba angetia mkono gizani akatoa anachotaka. Mimi juzi nilitafuta karatasi za kamioni asubuhi nzima wakati dereva amezuiwa barabarani. Kila kitu nimekifanya kikubwa kuliko chake, ila hicho kimenishinda. Maman, mzee sasa, anaishi nasi, na hamwachii kijakazi yeyote ufagio. Hufagia ukumbi wote hadi mlango wa biro, hapo husimama. “Ingia, Maman,” nilimwambia juzi hiyo hiyo. “Panga unavyotaka. Hautaharibu kitu.” Akatikisa kichwa. Upepo ulikuwa umeisukuma karatasi moja hadi miguuni pake. Akainama kwa taabu, akaiokota, akaishika kwa mikono miwili.

“Hii ilikuwa wapi?”

Sikujua. Alingoja, hakunipa, hakuiweka chini, mpaka nikanyoosha kidole popote pale mezani nikasema, “Pale, Maman. Ilikuwa pale.” Akaja akaiweka pale, akainyoosha pembe zake, akatoka polepole.